Siku Moja Maishani Mwangu: Kocha wa Viungo wa Timu ya Ligi

Saa kumi na moja alfajiri. Kabla sijanywa chai nasoma ujumbe wa wachezaji wangu. Kila mmoja hunitumia saa alizolala, kiwango cha uchovu na mahali panapomuuma. Hatuna maabara ya kupima damu, kwa hiyo majibu haya mafupi ndiyo maabara yetu, na huwa namfuatilia kwa karibu zaidi yule anayeandika kila siku kwamba yuko fiti kuliko yule anayelalamika.

Saa kumi na mbili na nusu niko uwanjani na mtunza vifaa, tunapanga koni na mizani. Dar es Salaam ina joto lenye unyevu, jasho halikauki mwilini, na mchezaji anayepoteza zaidi ya asilimia 2 ya uzito wake kwa jasho huanza kupungua pumzi na hata umakini. Kwa sababu hiyo kila mmoja hupanda mizani kabla na baada ya mazoezi, na kwa kila kilo aliyoipoteza anatakiwa anywe takribani lita moja na nusu katika saa chache zinazofuata, pamoja na chakula chenye chumvi.

Saa moja na nusu tunapasha misuli moto. Tunatumia FIFA 11+, programu ya dakika 20 hivi yenye mbio za taratibu, mazoezi ya nguvu na usawa wa mwili, kisha mbio za kasi. Leo ni Jumatano na mechi ni Jumamosi, hivyo ndiyo siku ya kazi nzito kuliko zote za wiki: wanne kwa wanne katika eneo dogo, vipindi vifupi na mapumziko mafupi.

Mashabiki wanaosimama nje ya uzio huniuliza kila mara kwa nini siwazungushi vijana uwanja au kuwapeleka kukimbia mchangani ufukweni. Swali ni la haki, na nimelijibu mara nyingi. Katika mechi mchezaji anaweza kufikisha kilomita 10 hadi 13, lakini hakimbii kwa mwendo mmoja: anatembea, anachomoka, anasimama ghafla, anageuka, anaruka, kisha anachomoka tena kabla pumzi haijarudi. Mtaalamu wa michezo Mdenmark, Jens Bangsbo, alipobuni kipimo cha pumzi kiitwacho Yo-Yo aliweka mbio za mita 20 kwenda na kurudi, zikifuatwa na sekunde 10 tu za kupumua, kwa sababu ndivyo mpira unavyomtaka mtu. Mwili hujizoeza kile unachofanyishwa, na anayezunguka uwanja kwa mwendo wa taratibu anazoea mwendo wa taratibu.

Nusu saa baada ya mazoezi nampitia kila mchezaji peke yake na kumwuliza kazi ilikuwa nzito kiasi gani, kuanzia 0 hadi 10, kisha nazidisha jibu lake kwa dakika alizofanya. Aliyesema 7 kwa dakika 75 ana 525. Hesabu hiyo, ikikusanywa wiki baada ya wiki, hunionyesha nani amebebeshwa mzigo ghafla, na mzigo wa ghafla ni chanzo cha majeraha mengi.

Saa nne akaja winga wetu wa kulia, ameongozana na kaka yake.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mguu umeamkaje?"

"Umepona kabisa, mwalimu. Sisikii kitu."

Aliumia nyama za nyuma ya paja la kulia akiwa katika mbio kali na hii ni wiki ya tatu. Amekuwa akichuliwa nyumbani jioni, maumivu yamekwisha, na sasa anataka kucheza Jumamosi. Daktari wa timu alimbonyeza msuli, akapima nguvu ya miguu yote miwili, na hakuona tatizo. Tukabakiza kipimo cha Msweden Carl Askling: mchezaji analala chali, goti linafungwa lisikunjike, kisha anaurusha mguu juu kwa kasi yote aliyonayo. Mguu wa kushoto ulipanda bila kusita. Wa kulia ulianza vizuri, lakini karibu na mwisho ukapungua kasi, na nikaona vidole vyake vimeshika ukingo wa godoro. Uso wake haukubadilika. Nilimwuliza kama anasikia maumivu, akasema hapana. Nilimwuliza kama yuko tayari kurudia kwa kasi zaidi, akanyamaza.

Kwangu hilo lilikuwa jibu, lakini kwa kaka yake halikuwa. Alinieleza kwa upole, kisha kwa ukali, kwamba mkataba wa mdogo wake unakwisha msimu huu, kwamba nyumbani wanamtegemea yeye, na kwamba mtu anayepanda ngazi bila kuchechemea hawezi kuitwa mgonjwa. Nilimheshimu, kwa kuwa anatetea riziki ya familia. "Kaka," nikamwambia, "msuli huu huvutwa sana pale mguu unaporushwa mbele katika mbio kali, kabla tu unyayo haujagusa chini. Ngazi hazifiki huko, na mbio za taratibu hazifiki huko. Akiumia tena palepale, mara nyingi atakaa nje muda mrefu kuliko mara ya kwanza, na msimu utaisha akiwa jukwaani." Tulirudia mazungumzo hayohayo hadi karibu na adhuhuri, na katikati yake kiongozi mmoja wa klabu akanipigia simu kuniuliza kwa nini namzuia kijana anayetembea vizuri. Nikayaeleza yote upya, kwa heshima, nimesimama juani.

Mchana ulipita sikumbuki vizuri nilikula nini. Jioni tulikuwa kwenye chumba cha vyuma, tukifanya zoezi ambalo wachezaji hawalipendi: mmoja anapiga magoti, mwenzake anamshika vifundo vya miguu, naye anajishusha mbele polepole huku nyama za nyuma ya paja zikizuia anguko. Utafiti uliofanyiwa wachezaji wa Denmark na kuchapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba timu zilizolifanya zilipunguza majeraha ya msuli huo kwa zaidi ya nusu. Halihitaji mashine wala fedha. Linahitaji mtu wa kusimama pale kila wiki na kulisimamia, hata akiwa amechoka kama nilivyokuwa leo.

Usiku nikapeleka taarifa kwa kocha mkuu. Hakufurahi, maana hana winga mwingine mwenye kasi ile, na aliniuliza kama dakika 20 za mwisho zingewezekana. Nikamjibu kwamba dakika 20 za mwisho ndizo za hatari zaidi, kwa kuwa kijana ataingia kukimbizana kwa kasi yote na mabeki bila hatua ya kati. Akakubali kumsogeza beki wa kulia mbele. Winga ataanza kesho saa mbili na mbio za mita 40 kwa asilimia 70 ya kasi yake, tutapandisha kidogokidogo, na Jumatatu atarudia kipimo kile mbele ya daktari na kaka yake.