Maji ya mfuko wa nyuma ya goti

Wakati huo nilikuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji. Kijana tuliyemtengenezea kano ya ndani ya goti wiki chache nyuma alirudi na homa, goti limevimba, lina joto, halikunjiki. Daktari wa zamu alitaka kumwanzishia antibiotiki papo hapo. Bingwa wetu wa mifupa akamzuia: kwanza avutwe ute wa goti kwa sindano, upelekwe maabara. Mgonjwa hakuwa mahututi, na dawa ikitangulia, bakteria huenda wasiote kwenye sampuli, kisha tutibu kwa kubahatisha. Ulitoka ute mzito, wa manjano. Jibu lilikuja baadaye: bakteria aitwaye Staphylococcus aureus.

Jioni ileile tukamwingiza chumba cha upasuaji.

"Sista, mtaitoa ile kano?" aliniuliza kabla ya nusukaputi.

"Tutaiangalia kwanza, mdogo wangu." Sikuthubutu kumwahidi zaidi.

Kazi yangu ilikuwa maji. Nilitundika mifuko ya lita 3 ya maji ya chumvi ya asilimia 0.9, mmoja ukiisha nafungua mwingine. Kamera iliingia kwa tundu moja, maji machafu yakatokea kwa jingine. Utando wa usaha ulikuwa umeng'ang'ania ndani, na maji yalipita juu yake tu. Ilibidi ukwanguliwe kwa kifaa chembamba cha kukwangulia, ndipo usuuzwe. Hapo ndipo naona uzito wa kazi hii ulipo, kuliko idadi ya lita.

Baada ya mifuko kadhaa maji yalitoka safi. Nikaanza kukusanya vifaa. Bingwa akasema, "Bado nyuma." Akatoboa tundu jingine kufikia mfuko wa nyuma ya goti, ambako maji ya mbele hayafiki vizuri. Mrija ukachafuka upya, vipande vya utando vikaanza kupita. Nilishtuka kweli. Ingekuwaje kama tungefunga pale!

Kano ilikuwa imekaza alipoigusa kwa ncha ya chuma, akaiacha. Hata hivyo alimweleza mama wa kijana kwamba huenda tukarudia, na tulirudia, kwa sababu homa haikushuka na vipimo vya damu vilibaki juu. Safari ya pili maji yalikuwa safi mapema, mbele na nyuma.

Antibiotiki za mshipani zikaendelea, baadaye vidonge, kwa wiki nyingi. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo hakungoja ziishe. Alianza mapema kumkunjia goti taratibu, lisije likakakamaa.