Nusu Saa ya Lawn Boy, na Mimi Nilikuwa Chooni

Nianze na aibu yangu, nisije nikaificha huko mbele. Usiku wa Jumanne, Julai 25, 2017, bendi niipendayo, Phish, ilipiga ndani ya Madison Square Garden, ukumbi wa New York, wimbo ambao siku nyingine huisha hujamaliza hata kufungua chupa ya maji. Siku hiyo walikaa nao karibu nusu saa. Wapenzi wa bendi hii wakikutana wanaulizana, "Ulikuwepo?" Nilikuwepo. Ila mwanzo wake ulinikuta chooni.

Wengi wenu mnaosoma hapa hamuwajui Phish, na sishangai. Hata kazini kwangu, kwenye nyumba ya wazee huku Jersey City, Wamarekani wenyewe nusu hawawajui, na nusu nyingine wakisikia jina wanacheka. Ni wanaume wanne wa makamo, bendi yao ilizaliwa 1983 kwenye Chuo Kikuu cha Vermont, mjini Burlington. Trey Anastasio anapiga gitaa, Mike Gordon besi, Jon Fishman drams, na Page McConnell, aliyeingia 1985, anapiga kinanda. Redioni huwasikii. Lakini ukumbi wa watu karibu 20,000 wanaujaza, kesho yake wanaujaza tena, na wengi wa waliomo ndio wale wale wa jana.

Aliyenitia ugonjwa huu ni mzee mmoja Mmarekani, fundi wa matengenezo pale kazini. Msimu wa baridi wa 2013 theluji ilikuwa imefika magotini, akanipa lifti. Garini kulikuwa na wimbo unapigwa tangu tunatoka kazini. Tumefika kwangu, bado ule ule. Nikamuuliza kama mashine yake imekwama. Akacheka, akasema hapana, hiyo ni dakika ya 19, nisubiri. Tukakaa garini, injini inanguruma, nikasubiri. Gitaa likawa linapanda ngazi moja moja, halishuki, besi inalizungukazunguka, na mimi nikajikuta nimesema kwa Kiswahili, kwa sauti, "Kumbe chemko!"

Hapo lazima niwaeleze habari za baba. Baba yangu ni mtu wa Sikinde. Kwetu Magomeni hilo lilikuwa kama kabila. Jirani wa kushoto Msondo, sisi Sikinde, na sikukuu bendi hizo mbili zikipambanishwa, salamu zilipungua kwa wiki nzima. DDC Mlimani Park Orchestra, Sikinde Ngoma ya Ukae, wameanza 1978, nami nimekua nikimwona baba akipiga pasi suruali yake mwenyewe Jumamosi jioni (siku nyingine zote alikuwa hajui pasi inakaa wapi) kwenda DDC Kariakoo. Alikuwa na kaseti moja aliyorekodi mwenyewe ukumbini, redio kaseti ikiwa juu ya meza. Unasikia magitaa, unasikia chupa, unasikia mtu anagombea kiti. Baba alikuwa anaipenda kuliko kanda zote zilizorekodiwa Redio Tanzania, kwa sababu redioni, alisema, wimbo unakatwa ndiyo kwanza umeanza kunoga. Ukumbini mashairi yakiisha, chemko likishika, magitaa yanaachiwa. Kiongozi anatazama sakafu. Watu wakiwa wamesimama, hawakati.

Kwa hiyo wimbo wa dakika 20 kwangu haukuwa kitu kigeni. Kigeni kilikuwa mashairi. Jamani, hawa watu hawaimbi kitu! Nyimbo za Sikinde zina mke aliyeachwa, shemeji mchonganishi, mtu aliyesahau wazazi. Phish unaweza kukuta wimbo mzima wa maneno ambayo hata mwenye lugha hajui yanamaanisha nini. Na sauti zao, tuseme ukweli, si za kumpeleka mtu kwenye bendi ya Kariakoo. Bitchuka, mwimbaji wa Sikinde, angewasikia angewaonea huruma. Nilichukua mwaka mzima kuzoea, nikawa nasikiliza kanda wakati wa kufua, na mzee akawa ananiletea nyingine. Kanda zenyewe zinarekodiwa na washabiki, kwa ruhusa ya bendi. Wana eneo lao ukumbini, wamesimamisha vipaza sauti juu ya milingoti kama wavuvi wa ndoano. Nilipowaona kwa macho nilimkumbuka baba na redio kaseti yake nikacheka peke yangu.

Basi, 2017 bendi ikatangaza maonyesho 13 katika ukumbi ule ule mmoja, kuanzia Julai 21 hadi Agosti 6. Wakayaita Baker's Dozen, yaani dazeni ya mwokaji, ambayo ni 13. Mwokaji anakupa 12 ulizolipia na moja juu, kama mama wa sokoni anavyokurushia nyanya ya nyongeza juu ya fungu. Kila usiku ulipewa jina la donati, na waliowahi mlangoni waligawiwa donati ya siku hiyo bure. Jumanne yangu ilikuwa donati yenye jemu ndani. Kwa Kiingereza jemu ya kupaka mkate na huku kupiga muziki bila kujua mtafikia wapi vyote vina neno moja, kwa hiyo washabiki walishaanza kunong'onezana tangu mchana kwamba leo watu watapigiwa mpaka wakome. (Kwa Wakenya neno hilo hilo ni foleni ya magari. Nayo pia hujui itaisha lini.)

Tiketi aliniuzia mzee kwa bei aliyonunulia, dola 80. Zamu yangu iliisha saa tisa, nikarudi nyumbani, nikaoga, nikapika wali wa watoto, nikapanda treni ya PATH hadi mtaa wa 33. Nimefika ukumbini taa za ndani bado zinawaka, nimebana mkojo tangu Jersey. Mzee alikuwa amewahi, akanitolea kutoka mfukoni nusu ya donati yake ndani ya tishu, imepondeka, jemu imetoka yote. Tulikaa upande wa Page, yaani kushoto ukitazama jukwaa. Fishman akaingia amevaa gauni. Ndiyo, gauni, la bluu lenye miduara myekundu, ndilo vazi lake la kazi. Hakuna aliyeshtuka isipokuwa mimi, na hata mimi niliwahi kuona picha.

Wakafungua na Sample in a Jar. Kichwa chake kina chupa ya kuwekea jemu, ukumbi ukaelewa utani, watu wakapiga kelele kama bao limeingia. Kisha Page akaacha vinanda vyake, akashika kipaza sauti, akaanza kutembea jukwaani kama mwimbaji wa hotelini. Mzee akaniinamia: huu ni Lawn Boy, mfupi, utani tu, kama unataka choo nenda sasa.

Nikaenda.

Niseme jambo moja la kuwafurahisha kina mama. Kwenye onyesho la Phish foleni ndefu ya choo ni ya wanaume. Imepinda mpaka kwa wauza bia. Ya wanawake hakuna. Niliingia kama malkia, sikungoja hata mtu mmoja, mara ya kwanza maishani mwangu. Na ndani, nanawa mikono, nikasikia kupitia ukuta kwamba muziki haujaisha. Ulipaswa kuwa umeisha. Besi ilikuwa inatembea, kinanda kinajibu, na ile nyimbo ya hotelini imeanza kuvua tai.

Natoka kwenye korido nakuta wanaume wanakimbia. Sitanii. Watu wazima wenye mvi, mmoja anafunga zipu huku anakimbia, mwingine kaacha foleni akiwa wa tatu, bia inamwagika, wanaelekea mlangoni wanasema neno moja tu, "Lawn Boy! Lawn Boy!" Nami nikakimbia, na sijakimbia tangu shule ya msingi. Mwanaume mmoja nisiyemjua alinishikia mlango akaniambia, "Dada, haijawahi!"

Nilipofika kitini mzee hakunitazama. Macho yako jukwaani, mkono mmoja juu ya kichwa kama mtu aliyepata habari za msiba.

Nitajaribu kueleza nilichosikia, ingawa mwenye lugha ya kueleza mambo haya ni baba. Wimbo wenyewe ulishapotea. Kilichobaki ni mwendo, wa wastani, wa mtu anayejua njia. Trey alikuwa anapiga kipande kidogo cha gitaa, pengine noti nne, anakirudia, halafu Page anakichukua, anakirudisha kimegeuzwa. Mike akahamisha besi chini ya wote wawili na ghafla zile noti nne zikawa na sura nyingine, kama chumba kile kile dirisha limefunguliwa. Hakuna aliyempa mwenzake ishara. Hapo ndipo nilipowaelewa wanaohesabu maonyesho mia. Sikinde wana magitaa yao, solo, solo la pili, ridhimu, kila mmoja na kipande chake kidogo, na utamu uko kwenye mshono. Lakini vipande vile wamevifanyia mazoezi. Hawa walikuwa wanashona nguo huku wameivaa.

Kila mara nilidhani wanatua, na kweli kuna mahali kama pawili walishuka mpaka chini kabisa, sauti imekuwa ya kunong'ona, watu 20,000 wananyamaza. Halafu Fishman anagonga kitu pembeni, kidogo tu, na wanainuka tena. Taa nazo zinapigwa kama chombo. Anayeziendesha, Chris Kuroda, hana mpangilio wa kufuata, anawasikiliza na kujibu kwa vidole vyake. Ilipofika mahali Trey akaanza kupanda zile ngazi zake, ukumbi mzima ukarusha vijiti vya mwanga hewani, na sakafu chini yangu ikaanza kupanda na kushuka. Inapanda kweli. Jengo lile linadunda watu wakiruka. Nilimshika mzee mkono. Akaniambia nisiogope, ni kawaida.

Uchezaji wao sasa. Hakuna kushikana viuno, hakuna mwendo. Kila mtu anacheza peke yake, mikono juu, kama anayefukuza nyuki. Nilicheza kikwetu, mguu kwa mguu, chini chini, na kijana mmoja aliyevaa soksi za rangi mbili akaniuliza nimejifunzia wapi. Nikamwambia Kariakoo. Akaitikia kwa kichwa kana kwamba amewahi kufika.

Baada ya hapo sikumbuki kwa mpangilio. Walipiga mengi, kipindi cha pili kilikuwa kizuri, moshi wa bangi ulinifanya nimwombe Mungu nguo zisinuke mpaka zamu ya asubuhi, na mwisho kabisa waliporudi jukwaani kwa nyongeza, wakamalizia kwa kipande kifupi cha Lawn Boy. Watu walicheka mpaka machozi. Mzee ambaye ana maonyesho zaidi ya mia alikuwa analia kabisa, na alijisingizia mzio. Ukurasa wa daftari lake, ambapo huandika kila wimbo na dakika zake, kwenye mstari wa pili alikuwa ameandika 30 na kuizungushia duara mara tatu, karatasi imetoboka.

(Hadi walipofunga Agosti 6 walikuwa wamepiga nyimbo 237 bila kurudia wimbo wa usiku mwingine, na ukumbi ukapandisha bendera yao darini pale zinaponing'inizwa za wachezaji. Lakini mimi nilipata usiku mmoja tu. Watoto wanakula.)

Nimetoka nje Seventh Avenue ni saa tano na ushee usiku, yaani Dar saa kumi na mbili asubuhi. Baba anakuwa amesharudi msikitini. Nikampigia nikiwa nimesimama pembeni ya mkokoteni wa soseji, masikio bado yanavuma.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Kuna nini saa hizi?"

Nikamwambia hakuna kitu, nilikuwa dansini. Nikamweleza yote, wimbo wa dakika tatu uliopigwa nusu saa. Akakaa kimya nikadhani simu imekatika.

"Wapiga gitaa wangapi?"

"Mmoja."

"Mmoja! Nusu saa!" Akanyamaza tena. "Na watu walikuwa wanacheza, au wamekaa?"

"Walicheza, baba. Mpaka jengo likadunda."

"Basi hao wanapiga." Nikasikia kijiko kinagonga kikombe. "Kiingilio shilingi ngapi?"

Nilitaka kumdanganya. Nikasema dola 80. Akaanza kuhesabu kwa sauti, elfu mbili na ushee mara themanini, akafika laki na themanini hivi.

"Mabati kumi hayo," akasema. "Na mwanzo wake umeniambia ulikuwa wapi?"