Mbao Mbili za Pointi

Juzi binti wa kaka yangu alirudi kutoka mazoezini akiwa amenuna. Mwalimu wao alikuwa amewaeleza kwamba, kuanzia mwaka 2025, kanuni za kimataifa za mpira wa wavu zinawaruhusu wachezaji wa timu inayosevu, yaani inayoanzisha mpira, kusimama popote ndani ya uwanja wao wakati mpira unapopigwa, ilhali wale wanaopokea bado wanafungwa na mpangilio wa mzunguko, yaani nafasi ambazo wachezaji hubadilishana kwa zamu, mbele na nyuma. Aliona kuwa huo ni upendeleo wa wazi. "Shangazi," akaniuliza, "na nyinyi mlikuwa mkibadilishiwa kanuni mnanyamaza tu?"

Hatukunyamaza. Mwaka 1999, katika chuo cha ualimu nilichosoma Morogoro, tulibishana kuhusu kanuni kwa namna ambayo sijaiona tena katika mchezo wowote, na ninaona ni vema niandike habari hiyo kabla haijanitoka kichwani.

Kisa chenyewe kilianzia mbali. Mkutano mkuu wa shirikisho la kimataifa la mpira wa wavu, FIVB, uliofanyika Tokyo mwaka 1998, ulikuwa umepitisha kwamba kila mpira unaochezwa uzae pointi kwa timu moja au nyingine, na seti nne za mwanzo zimalizike kwenye 25 badala ya 15. Sisi tulikuwa tumelelewa katika utaratibu mwingine, ambao timu isiyokuwa na sevu haikuweza kupata pointi hata ikicheza vizuri namna gani. Kwanza ilibidi inyang'anye sevu, yaani ishinde mpira ulioanzishwa na wapinzani, ndipo ianze kuhesabiwa. Seti ya tano pekee ndiyo iliyokuwa ikihesabiwa kila mpira, tangu mwishoni mwa miaka ya themanini.

Habari hiyo ililetwa chuoni na mwamuzi kijana aliyekuwa ametoka kwenye mafunzo Dar es Salaam. Kocha wetu, mzee ambaye sote tulimwita Mwalimu na kumwamkia shikamoo hata katikati ya mazoezi, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba kanuni hiyo itauua mchezo. Mwamuzi akamkumbusha kwa adabu kuwa, ikiwa seti ya tano, ambayo ndiyo inayoamua mshindi, imehesabiwa hivyo kwa miaka kumi, haoni kwa nini zile nne za mwanzo zisihesabiwe vivyo hivyo. Mwalimu akajibu kwamba seti ya tano ni kama penalti za mpira wa miguu, na hajawahi kuona watu wakiingia uwanjani kupiga penalti tangu dakika ya kwanza. Darasa zima likalipuka kwa maneno, kila mtu akiwa na lake.

Ndipo Mwalimu alipoagiza zitolewe mbao mbili za darasani ziegemezwe kwenye mwembe uliokuwa kando ya uwanja. Tulicheza seti moja, wasichana wa mwaka wa kwanza dhidi yetu sisi wa mwaka wa pili, huku mwamuzi akiandika upande mmoja hesabu mpya na Mwalimu akiandika upande wa pili hesabu ya zamani. Wadogo zetu walikuwa warefu na wana nguvu, na walituongoza tangu mwanzo. Ubao mpya ulipofika 25 kwa 21 walirukaruka na kukumbatiana, kwa kuwa kwa hesabu hiyo walikuwa wameshinda. Ubao wa zamani ulisomeka 13 kwa 9. Mwalimu hakupuliza filimbi. Alisema tu, "Endeleeni."

Nakumbuka sekunde zile kuliko fainali yoyote niliyocheza baadaye. Mpira ulikuwa mikononi mwao, nasi tulitakiwa kwanza kuinyang'anya sevu ndipo tuwe na haki ya kuitafuta pointi ya kumi. Tuliipata. Tukaongeza moja, wakatunyang'anya. Tukawanyang'anya, tukaongeza mbili. Nilikuwa nyuma, nikiokoa mipira iliyokuwa ikishuka kutoka kwa yule mpigaji wao mrefu, na nilihisi jinsi kila mpira ninaouokoa unavyowapunguzia wao imani. Walishika sevu mara kadhaa bila kuongeza hata pointi moja. Tulimaliza 15 kwa 13. Mwalimu aliuonyesha ubao wa kwanza kwa chaki na kumwambia mwamuzi, "Hapa, hawa watoto walikuwa wameshazikwa."

Mwamuzi hakujibu kwa hasira. Aliangalia milima ya Uluguru, huku jua likizama, akasema kwamba tumecheza seti moja tu na giza linaanza kuingia. Kwamba mwezi uliotangulia mechi yetu iliahirishwa katika seti ya nne kwa sababu uwanja hauna taa. Na kwamba, kama wakubwa wa Tokyo walifikiria ratiba za televisheni, yeye anafikiria machweo. Hoja hiyo ilikuwa na uzito, na naamini hata Mwalimu aliuhisi.

Nilipoombwa kusema, niliitetea hesabu ya zamani kwa moyo wote. Hata hivyo mabadiliko ya miaka ile yalikuja pamoja na libero, mchezaji wa nyuma anayevaa jezi ya rangi tofauti, asiyeruhusiwa kuzuia wavuni wala kupiga mpira ulio juu ya wavu, lakini ambaye kuingia na kutoka kwake hakuhesabiwi kama badiliko la kawaida la mchezaji. Kwa kimo changu, kila nilipozungushwa mbele nilikuwa mzigo, na Mwalimu alikuwa akinitoa. Kanuni mpya ilipoanza kutumika chuoni, yeye mwenyewe ndiye aliyenikabidhi jezi ya libero, nami nikacheza kwa miaka mingi nikiwa na jezi ya aina hiyo.

Baadaye, nikiwa nafundisha hesabu, nilikaa nikaupiga mahesabu ule mchezo wa mbao mbili. Kwa kuwa timu hunyang'anyana sevu kwa zamu, tofauti ya pointi kati yao kwenye ubao mmoja haiwezi kupishana na tofauti ya ubao wa pili kwa zaidi ya pointi moja. Siku ile, ubao mpya ulipofika 25, ilikuwa nne kwenye kila ubao. Kanuni mpya, basi, haikubadilisha nani yuko mbele. Ilibadilisha ni wakati gani aliye nyuma anaambiwa basi, inatosha. Jambo hilo bado linaniuma. Lakini bila mabadiliko yale nisingekuwa na mahali uwanjani, na nikiulizwa leo nipige kura, ningeomba kwanza kujua kama kila kanuni inapigiwa kura peke yake au zote kwa mkupuo. Kwa mkupuo, sijui ningeunyoosha mkono upande gani.