Dawa iliyogoma mpaka ilipopitia kwenye ini

Jina la siklofosfamidi nililisikia nikiwa mtoto Kirumba, Mwanza, kabla sijajua kromosomu, vile vifurushi vya DNA ndani ya seli, ni kitu gani. Mtoto wa jirani alivimba taya, wakasema ni uvimbe wa Burkitt, saratani ambayo sisi wa kanda ya ziwa tunaifahamu, na hiyo ndiyo dawa aliyotundikiwa. Kwa hiyo nilipotakiwa kuonyesha jinsi dawa za saratani zinavyovunja kromosomu za seli zilizooteshwa maabara, niliianza hiyo.

Seli nilizotumia ni za ovari ya hamsta wa China. Zinaota haraka, na kromosomu zake ni kubwa na chache, kama 21 hivi, wakati sisi tuna 46. Unazitia dawa, unaziacha, saa mbili kabla ya kuzivuna unaongeza kolsemidi ili zikwame katikati ya kugawanyika. Kisha maji ya chumvi hafifu ya potasiamu yazivimbishe, methanoli na asidi ya siki, tatu kwa moja, zizigandishe, halafu tone kwenye slaidi.

Tone hilo lilinitoa jasho. Ilikuwa Julai, Mwanza kavu, na kila slaidi nikiiweka chini ya hadubini nakuta kromosomu zimerundikana kama dagaa kwenye sado. Utahesabu nini hapo? Wiki nzima nililaumu chumvi. Mzee anayetunza maabara alinitazama siku moja, akasema, "Mwanangu, zinakauka upesi mno. Zipe mvuke." Nikachemsha birika, nikapitisha slaidi juu ya mvuke kidogo tu, nikadondosha. Zikatawanyika, kila moja na mikono yake.

Basi nikahesabu. Siklofosfamidi: hakuna kitu. Slaidi zake hazikutofautiana na zile zisizotiwa dawa. Nikaongeza dozi, bado. Ningeamini nimeharibu seli, isipokuwa chupa za mitomisini, dawa nyingine ya saratani niliyoiweka kwa kulinganisha, zilijaa kromatidi (nusu za kromosomu) zilizokatika. Mitomisini hufunga pamoja nyuzi mbili za DNA. Seli ikijaribu kuzinakili inagonga fundo, nyuzi zinakatika. Kwa hiyo seli zilikuwa nzima na mkono wangu haukuwa na kosa.

Jibu lilikuwa kwenye daftari la famasia nililofaulia mtihani na kulisahau: siklofosfamidi ikiingia mwilini haina makali. Ini ndilo linaloibadilisha iwe sumu. Seli za ovari kwenye chupa hazina ini la kuzisaidia kazi hiyo. Inabidi utie maji ya ini la panya lililosagwa na kuzungushwa kwenye mashine mpaka makapi yatuame, pamoja na viambata vya kuvipa vimeng'enya, zile protini za ini zinazoibadilisha dawa, nguvu ya kufanya kazi.

Nikatia. Hakuna kitu tena! Hapo nilitaka kurudi nyumbani nikauze sato.

Kumbe umeme ulikatika mwishoni mwa juma. Friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri ilipoteza baridi, ini likayeyuka na kuganda tena, na vimeng'enya vikafa bila mtu kujua. Kwa nje chupa ilionekana ileile. Tangu siku hiyo kila ninapotumia ini naweka chupa mbili za siklofosfamidi, yenye ini na isiyo na ini. Zikifanana, matokeo ya siku hiyo nayatupa.

Ini jipya lilipofika nililigawa kwenye vichupa vidogo vya matumizi ya mara moja. Seli nikaziacha na dawa kwa muda wa saa tatu, nikaosha, nikasubiri kesho yake. Kwenye seli ya nne tu niliyoitazama, kromosomu mbili zilikuwa zimevunjika na kuungana vibaya, zimekamatana mikono minne kama msalaba uliopinda. Pembeni yake kipande kidogo kimebaki peke yake.

Nikamwita Mzee. Akainama kwenye hadubini, akakaa kimya kwa muda, kisha akaniuliza kama friza nimeichomeka kwenye laini ya jenereta.