Nilivyowatazama chozi wakilea makinda bustanini

Chozi ni ndege mdogo asiyetulia, na anayetaka kumtazama akilea lazima kwanza apate pa kukaa pasipomsumbua. Mimi nilipapata ndani ya nyumba. Kiota kilining'inia kwenye ncha ya tawi linaloelekea dirisha la sebule, basi nikashusha pazia, nikaacha upenyo wa kutosha darubini, na kiti nikakirudisha nyuma kidogo penye giza. Ndege aliye nje juani hamwoni vizuri mtu aliyetulia gizani. Kinachomshtua ni mwendo: mkono unaoinuka ghafla, mlango unaobamizwa. Nilijizoesha kuinua darubini polepole, na watoto nikawapangia zamu wasije wakagombania upenyo.

Kiota chenyewe ukikipitishia macho tu utasema ni takataka zilizonasa mtini. Jike hukifuma kwa nyasi laini na nyuzi za mimea, akavishikanisha kwa utando wa buibui, kisha nje akabandika majani makavu na vipande vya magome. Mlango uko ubavuni, karibu na juu, na aghalabu huwa na kibaraza kidogo cha kukinga mvua.

Utando huo ndio ulionifanya nibadilishe mambo nyumbani. Buibui wa chini ya paa nilipiga marufuku wasifagiliwe, na dawa ya kupuliza wadudu ikafungiwa kabatini. Mwenzangu akasema nimepata kisingizio cha uvivu. Huenda. Lakini jike alikuwa akija kwenye pembe za ukuta, anapigapiga mbawa hewani pale pale, anavuta nyuzi kwa ule mdomo wake uliopinda, kisha huyo anarudi zake mtini. Dume, pamoja na mapambo yake yote ya kung'aa, hakuleta hata unyasi mmoja. Yeye aliimba na kuwafukuza chozi wengine waliosogelea maua.

Mara nyingi chozi hutaga mayai 2, na kuyaatamia, kazi ya jike peke yake kwa aina nyingi, huchukua wiki 2 hivi. Kwa mtazamaji hiki ni kipindi cha kuchosha, maana huoni kitu ila mdomo uliochomoza mlangoni. Ndicho pia kipindi cha kujihadhari zaidi: ndege akikurupushwa mara kwa mara mayai hupoa, na anaweza kukihama kiota moja kwa moja. Sikukisogelea. Hata kumwagilia maua ya upande ule nilingoja jike atoke mwenyewe kwenda kula.

Kwamba mayai yameanguliwa nilijua bila kuchungulia ndani, kwa sababu jike alianza kurudi na kitu mdomoni. Chozi tunamjua kwa kunyonya maji matamu ya maua, ila kinda hakui kwa utamu mtupu. Anahitaji protini ya kuotesha manyoya na misuli, kwa hiyo huletewa wadudu laini na buibui. Hapo ndipo na dume akaanza kuonekana kiotoni, na mimi nikamsamehe.

Kilichonishangaza kuliko vyote ni usafi. Mzazi akishalisha haondoki, anasubiri. Kinda anageuka, anaelekeza makalio mlangoni, anatoa kinyesi kilichofungwa ndani ya kifuko cheupe chenye utelezi. Mzazi anakipokea kwa ncha ya mdomo na kwenda kukitupa mbali. Kiota kinabaki kikavu, hakinuki, na wala chini yake hapana alama ya kumwonyesha adui kwamba juu kuna makinda. Nilikuwa najiambia natazama mara moja tu halafu niende kazini, kumbe chai inapoa.

Adui niliyeweza kumzuia ni paka wetu. Huyo alifungiwa ndani, akalalamika sana.

Siku ya kutoka, kinda mmoja aliruka hadi tawi la pili, mwenzake akaishia chini ya kichaka, ana manyoya lakini mkia bado kipande. Mwanangu akaja mbio na boksi la viatu. "Tumchukue, ameanguka!" Nikamzuia. Kinda mwenye manyoya yake ndivyo anavyoanza, na wazazi humlisha huko huko aliko. Wa kusaidiwa ni yule aliye uchi bado, naye hurudishwa kiotoni kama panafikika. Hayo ya kwamba mama humkataa akisikia harufu ya mkono wa mtu ni maneno tu. Tukarudi nyuma ya pazia. Jike alishuka, akamtia kitu kinywani, akapanda tawi la chini na kuita. Kinda akamfuata kwa kurukaruka, tawi kwa tawi, akianguka na kuanza tena.

Jioni wote wawili walirudi kulala kiotoni, jambo ambalo makinda wa chozi huendelea kulifanya kwa siku kadhaa baada ya kuanza kuruka, kwa hiyo usikiondoe kiota kwa kudhani kimeshahamwa. Mkasi wa kukatia matawi nimeuweka kando. Tawi linakwaruza kioo kila upepo ukivuma, lakini jike ameonekana tena na nyuzi mdomoni, anakikarabati kiota kile kile.