Hatua Mbili za Lancelot
Nimemaliza kusoma kisa cha Lancelot, askari wa farasi aliyempenda Malkia Guinevere, mke wa Mfalme Arthur, kama kilivyotungwa kwa mashairi na Chrétien de Troyes wa Ufaransa katika karne ya 12, na moyo wangu bado haujatulia. Ili apate habari za malkia aliyetekwa, Lancelot anaambiwa apande mkokoteni wa kubebea wahalifu, naye anasita kwa hatua mbili tu, akiogopa fedheha. Baadaye anavuka daraja la upanga mkali kwa mikono mitupu na miguu peku, damu ikimchuruzika, lakini malkia anamgeuzia uso kwa sababu ya hatua zile mbili. Nilimwonea Lancelot uchungu mwingi, ingawa Guinevere naye, aliyehatarisha heshima yake yote, namwelewa kabisa.