Ukuta wa Chokaa Greenwich Village

Februari 2009 nilipelekwa kupaka rangi nyumba iliyokuwa ikiuzwa ghorofa ya tisa, Greenwich Village, New York, karibu na bustani ya Washington Square. Mwenyewe alikuwa amefariki na watoto wake walitaka zaidi ya dola milioni 3. Tangu mtikisiko wa mabenki wa Septemba iliyotangulia wanunuzi walikuwa wameadimika, kwa hiyo dalali, mama mmoja mwenye haraka, alitaka kila kitu kiwe tayari Jumapili, siku ya watu kuja kutazama.

Jengo lilikuwa la miaka ya 1920. Madalali wa New York huyaita majengo hayo "ya kabla ya vita", yaani Vita Kuu ya Pili, na neno hilo peke yake hupandisha bei: dari ndefu, meko ya kuni sebuleni, sakafu ya mbao zilizopangwa kama miiba ya samaki. Zamani mtaa ule ulikuwa wa wachoraji, washairi na wanamuziki waliofuata kodi nafuu. Wangerudi leo wasingemudu hata chumba kimoja, na jambo hilo lilikuwa likinichoma kila nilipopanda lifti.

Kando ya meko ukuta ulikuwa na ufa mrefu. Nikaugonga kwa kifundo cha kidole, ukaita kama ngoma: lipu imeachia. Bosi wangu akasema tufunike ukuta wote kwa jipsamu bodi, siku moja tumemaliza. Nilimwomba asifanye hivyo. Bodi ingemeza nakshi za lipu zilizozunguka dari, kazi ya mkono ambayo hakuna angeirudia. Greenwich Village ilitangazwa eneo la kihistoria mwaka 1969, lakini ulinzi ule ni wa sura ya nje. Nakshi za sebuleni hazina mtetezi. Akanipa mpaka Ijumaa.

Nilivaa barakoa, maana rangi za majumba ya kabla ya 1960 mara nyingi zina madini ya risasi, nikalowesha ukuta na kubandua kipande kilicholegea. Lipu ilikuwa ya tabaka tatu, mbili za chini nene zenye mchanga, ya juu nyeupe, nyembamba. Na pale kwenye tabaka la kwanza nikaona mikwaruzo.

Fundi huikwaruza lipu ya kwanza ingali mbichi ili ya pili ipate pa kushika. Nilifundishwa hivyo na baba, fundi chokaa wa Mji Mkongwe, Unguja, kwa kipande cha ubao chenye misumari. Mikwaruzo ile ilikatizana vizuri kutoka juu, lakini karibu na sakafu ililala upande mmoja, ya harakaharaka, kama ya mtu aliyeinama na mgongo unamuuma. Nilipitisha vidole humo nikakaa kimya kitambo. Huyo mtu simjui jina wala kwao, lakini kazi yake niliijua.

Usiku saa 3 nikampigia baba. Unguja ilikuwa saa 11 alfajiri, anajiandaa kwenda msikitini.

"Chokaa umeiloweka siku ngapi?"

"Usiku mmoja, baba."

Akanyamaza. Yeye huiacha shimoni miezi.

"Umechanganya na nini?"

"Jipsamu, ya kuifanya ishike upesi. Ndivyo wanavyofanya huku."

"Haya, mwanangu. Ila usiipake rangi mbichi hivyo. Iache ipumue."

Ijumaa jioni nilimaliza kuisugua kwa mwiko mpaka ikaanza kung'aa. Dalali aliposikia kwamba ukuta utabaki bila rangi alikasirika. Kisha akawasha taa ya pembeni, akautazama kwa muda, akasema uachwe hivyo hivyo.

Jumapili nilirudi kuchukua ngazi yangu nikawakuta wageni sebuleni. Mzee mmoja alikuwa ameweka kiganja chake chote ukutani, haondoi. Akauliza kama ni marumaru. Dalali akageuka kunitazama.

"Ni chokaa," nikasema.

Mzee akauliza nani aliyeipaka. Nikamwambia tulikuwa wawili.